Kazi Iko Wapi Hapa

Mada ilibandikwa mlangoni Jumatatu: KAZI.
Neno moja, wino mzito,
na chini yake kwa herufi ndogo:
picha moja kwa kila mwanafunzi,
mwisho Ijumaa saa kumi, asiyeleta asilalamike.

Kamera zilikuwa mbili, sisi kumi na wanne.
Tuligawana saa, kama wagonjwa wanavyogawana kitanda.
Sitawa alipata jioni, akaenda kwa wachomea vyuma.
Khaemba akashuka Nzoia kwa wachota mchanga.
Mukhebi akampata fundi wa baiskeli,
njiti za gurudumu zikimchora kivuli usoni.
Mimi nikaachiwa alfajiri,
zamu ambayo hakuna aliyeitaka.

Alfajiri ya Webuye, kwetu, aliye macho ni baba tu.
Saa kumi na moja kasorobo huamka bila king'ora
(king'ora chenyewe kilikauka koo nikiwa darasa la pili),
hunyoa ndevu, huvaa ovaroli ya buluu
iliyopauka magotini ikawa rangi ya maziwa,
hufunga kamba za viatu, huzifungua, huzifunga tena,
kisha huketi.
Basi. Huketi karibu na mlango,
viganja juu ya mapaja,
mpaka jua lipande kidogo.
Halafu huivua ovaroli, huikunja,
na kutoka kwenda kumwaga maji ya kunyolea.

Nilipiga kabla hajaivua.
Mwanga ulikuwa haba, nikabana pumzi,
bado bega lake likatoka na ukungu.
Nyuma yake, dirishani, dohani ya kiwanda cha karatasi:
haina moshi, na anga yote ni yake.

Jumamosi, ukumbi wa kanisa. Kamba za katani,
vibanio vya nguo alivyoazima mwalimu Naliaka kwa jirani,
chai ndani ya birika lisilo na kifuniko.
Jaji kutoka Bungoma, miwani juu ya paji,
akasimama mbele ya picha yangu, akageuza shingo huku na huku.
"Kazi iko wapi hapa?"
Nikasema, "Hiyo ni zamu ya asubuhi, bwana."
Akaandika. Nikasoma juu chini:
nne kwa kumi.

Akashinda Sitawa. Cheche zake
ziliruka kama kumbikumbi baada ya mvua.
Nilipiga makofi. Ilikuwa nzuri,
na hilo ndilo lililoniuma.

Baba alifika watu wakimalizia chai,
kofia mkononi, shati la Jumapili.
Hakuuliza nani wa kwanza.
Alipofika kwangu nikangoja aione sura yake,
aseme neno, au akasirike.
Hakuitazama. Alishika pembe ya picha,
akaisugua kati ya dole gumba na kidole cha shahada,
akaipiga ukucha, akasikiliza,
akainusa.
"Hii si ya kwetu," alisema.
"Gramu mia mbili na ushei. Imepakwa mng'aro upande mmoja.
Ya kwetu ilikuwa na sauti."
Akaigeuza, akatazama upande mweupe
muda mrefu kuliko mtu yeyote alivyoutazama upande wangu.

Kisha akaenda kwa Khaemba. Akasugua, akapiga ukucha.
Kwa Sitawa, penye utepe mwekundu, vivyo hivyo,
utepe hakuugusa.
Mmoja baada ya mwingine, kimyakimya,
na ukumbi nao ukaanza kunyamaza,
hata mtoto aliyekuwa akigonga birika.

Naliaka akanionyesha kamera kwa macho.
Ilikuwa mezani, betri ikiwa na chaji kidogo.
Nikaiacha hapo hapo.

Kwa Mukhebi, baba akasita.
Akapima ukingo kwa kucha, juu, chini, juu tena.
"Hii imekatwa pogo," akasema, si kwa ukali.
Akageuka, akanyoosha mkono bila kuangalia nani yuko karibu.
"Mkasi uko wapi hapa?"

Jaji akashusha miwani machoni,
akaweka kikombe chini,
akaenda kuutafuta.